Tumbo la Jumatatu

Huanza Jumapili, baada ya isha,
ninapopiga pasi shati lake jeupe.
Lali husogea ukutani, magoti kifuani,
husema: Mama, tumbo.

Nilimpa maji ya tangawizi. Nilimpa dawa ya minyoo
niliyonunua Langoni, vidonge viwili vya kutafuna.
Minyoo haikutoka. Haikuwapo.
Mamangu akasema mwana huyu ana yambo,
mato yamtoka, yeo yeo azinguliwe.
Akazinguliwa. Akanywa kombe la zafarani
mpaka midomo ikawa ya manjano,
na Jumatatu tumbo likaja kwa saa yake
kama karani.

Famau, mjomba wake, akasema ni deko.
Mwanamume hubembelezwa? Mburure.

Nami, niseme nisijifiche,
nilimburura.
Kutoka mlangoni kwetu hadi kona ya kinyozi,
watu wakitupisha, punda wakitupisha,
kiatu kimoja kikabaki mtaroni,
na mkono wake ndani ya mkono wangu
ukipiga, ukipiga,
kama ndege uliyemfumbata ukidhani ni jiwe.

Nikaacha.
Haikuwa hekima. Nilichoka tu.
Nikaketi kwenye daka la nyumba ya watu,
buibui langu likifagia vumbi,
naye akaketi. Hatukusema neno
mpaka kinyozi akafungua, akazoa nywele za jana.

Ndipo akasema:
Mwalimu akiita jina langu
jina huwa kubwa, Mama.
Mimi nabaki mdogo ndani yake
kama nimevaa kanzu ya Baba,
sioni pa kutolea kichwa.

Kanzu ya Baba yaning'inia nyuma ya mlango.
Mwenyewe yuko Jeddah, hupiga simu Ijumaa,
huuliza: Lali hajambo? Nami hujibu hajambo.

Sikumwambia usiogope.
Niliambiwa mimi hivyo, nikiwa na miaka kumi na miwili,
nilipokuwa nikijifungia chooni
kuhesabu visamaki vya birikani.
Hofu haikuondoka.
Ilijifunza tu kukaa kimya mbele za watu.

Mimi hushona kofia. Vitundu mia na mia,
kila kimoja hutobolewa, huzungushiwa uzi,
na ukikosa pumzi sindano hukudunga.
Usiku ule nilimtandazia kitambaa magotini.
Vuta pumzi, kitundu. Itoe, kitundu.
Usiharakishe, mwenye kofia hajafa.
Akacheka, kidogo, puani.
Alifika arobaini na tatu, akasinzia.

Mwalimu Kadzo nilimfuata kwake Wiyoni
nikijua atanicheka.
Alikuwa akimenya vitunguu, machozi yakimtoka,
nikalia na mimi, pakawa hapana wa kumuuliza mwenzake.
Akasema: Basi sitamwita jina.
Nitagonga dawati lake kwa vidole viwili.
Akitaka atajibu. Asipotaka, nitapita kama upepo.

Wiki ya kwanza tulifika kwa kinyozi, tukarudi.
Famau akasema tunacheza.
Wiki ya pili tulifika getini,
akashika chuma, akahesabu, akaingia,
akatoka, akaingia.
Wiki ya tatu hatukwenda popote. Siku mbili nzima.
Nilimkaripia, kisha nikamwomba radhi,
na sikujua mtoto huombwa radhi vipi;
nilimkatia tu embe, nikampa kokwa alifyonze,
kipande nikipendacho mimi.

Juzi Mwalimu amegonga, naye amejibu.
Jibu halikuwa sahihi. Alinisimulia hilo
kama mtu aliyeokota pesa njiani.

Jana ilikuwa Jumapili. Pasi ikawaka.
Lali akasema: Mama, tumbo.
Nikauliza: Limekuja?
Limekuja.
Kubwa kiasi gani?
Akaivuta ile kofia isiyoisha,
akapitisha kidole, akachagua, akabadili mawazo,
akanionyesha kitundu kimoja
ambacho sijakizungushia uzi.

Asubuhi vilikuwa sita.
Tukaenda.